Nina ofa mbili za kuwinda ugenini, na bado sijanunua bunduki

SWALI

Ndugu mshauri, salaam.

Nina miaka 41. Nimewinda tangu ujana, lakini ni ndege na wanyama wadogo tu, karibu na nyumbani, kwa bunduki ya .22 na ya marisau. Nimeweka akiba miaka minne ili niende kuwinda mnyama mkubwa mara moja, nikiwa na mwongozaji, mwakani kati ya Juni na Oktoba.

Mezani nina ofa mbili. Ya kwanza ni siku 7 Namibia, kuwinda tandala mkubwa; kuna bei ya kila siku na ada ya kila mnyama. Ya pili ni siku 7 za kuwinda elki, kulungu mkubwa wa huko, katika milima ya Rocky, Marekani, kwa bei moja ya jumla, ila wameandika kwamba kibali cha kuwinda ni juu yangu. Zote mbili zinataka nusu ya malipo ndani ya wiki mbili.

Marafiki wananiambia ninunue kwanza bunduki ya .300 Winchester Magnum, eti inafaa kila kitu. Nimejaribu ya mwenzangu. Kufikia risasi ya tatu nilikuwa nafumba macho kabla haijalia, na bega liliniuma siku mbili. Nichukue ofa ipi? Ninunue bunduki gani? Makaratasi yakoje? Na mke wangu anataka kufuatana nami bila kuwinda, inawezekana?

Mwindaji wa ndege

JIBU

Ndugu yangu, usitume nusu hiyo bado. Wiki mbili zinatosha kuuliza yote yaliyomo humu, na kampuni inayoshindwa kukujibu kwa maandishi kabla ya kupokea fedha zako haitakujibu vizuri zaidi ikishazipokea. Bunduki tutaiacha hadi baadaye. Najua ndiyo inayokunyima usingizi, lakini safari nyingi za kwanza huharibikia kwenye mkataba na kwenye mazoezi, si kwenye kaliba, yaani ukubwa wa risasi ya bunduki.

Ofa zako zinahesabiwa kwa njia mbili tofauti, kwa hiyo huwezi kuziweka kwenye mizani moja kwa kutazama tarakimu ya juu. Ile ya Namibia ina bei ya siku, inayolipia mwongozaji, gari, malazi, chakula na wachunaji ngozi. Hiyo utailipa hata usipofyatua risasi. Juu yake kuna ada ya mnyama, inayolipwa kwa kila mnyama uliyemuua au uliyemjeruhi. Kanuni ni kwamba tone moja la damu linatosha: mnyama akipotea porini na jeraha lako, umemnunua. Hatari ya mpango huu ni orodha ya bei. Siku ya tatu choroa anasimama mita 90, mwongozaji ananong'ona kwamba ni dume zuri, na kidole chako tayari kiko kwenye kizuizi cha usalama cha bunduki. Andika kikomo chako kabla ya kuondoka nyumbani, kisha mtajie mwongozaji jioni ya kwanza: wanyama gani, wangapi, na jumla isiyozidi kiasi gani. Mwongozaji mzuri atakushukuru, kwa kuwa naye atajua la kutafuta.

Ile ya elki ni bei ya jumla, na haikuahidi mnyama. Inakulipia siku za kutafuta. Kwenye ardhi ya umma wengi huwinda elki wiki nzima wakarudi mikono mitupu, na hilo si ulaghai. Mtego uko kwenye maneno "kibali ni juu yako". Katika majimbo mengi ya magharibi mwa Marekani mgeni hupata kibali kwa kuchezeshewa bahati nasibu, na maombi hufungwa miezi mingi kabla ya msimu: kwa elki, Wyoming hufunga mwanzoni mwa Februari, Montana tarehe 1 Aprili, Colorado wiki ya kwanza ya Aprili. Ukilipa nusu leo ukakosa kwenye bahati nasibu, hiyo nusu inakwenda wapi? Mkataba useme wazi: inarudishwa, au inahamishiwa msimu ujao kwa bei ileile. Tena, Colorado hudai cheti cha mafunzo ya usalama wa uwindaji kwa kila mtu aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye, hata awe amewinda miaka thelathini. Kozi hiyo huwezi kuimaliza usiku mmoja kabla ya ndege.

Kwa safari ya kwanza, mimi ningekushauri Namibia. Huko utaona wanyama wengi kwa siku, kwa hiyo utajifunza mengi hata kabla hujafyatua. Hakuna bahati nasibu ya kibali. Mwili wako hautapambana na hewa nyepesi ya mita 2,500 hadi 3,000, ambako mtu mwenye afya njema hufika juu ya tuta akihema na msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini ya bunduki ukiruka kwa kila pigo la moyo. Elki mwachie safari ya pili, ukiwa umeshajua unavyofanya mbele ya mnyama mkubwa.

Sasa waandikie. Swali la kwanza: siku 7 ni siku ngapi za kuwinda? Kama siku ya kuwasili na ya kuondoka zimo, umenunua 5. La pili: mwongozaji ni wako peke yako, au mnagawana wawindaji wawili? Mkigawana, nusu ya nafasi ni za mwenzako, na bei lazima ishuke. La tatu, ambalo wengi huona haya kuliuliza: eneo limezungushiwa uzio? Likiwa na uzio, ni hekta ngapi, na je, wanyama wamezaliwa humo au hununuliwa na kuachiwa muda mfupi kabla ya wageni kufika? Kusini mwa Afrika mashamba yenye uzio ni mengi na ni halali. Lakini hekta 500 na hekta 15,000 ni uwindaji wa aina mbili, na una haki ya kujua unalipia upi.

Kisha omba idadi ya wageni wa misimu mitatu iliyopita, wangapi walipata nafasi ya kufyatua na wangapi walirudi na mnyama waliyemfuata. Hizo ni hesabu mbili, na matangazo hupenda kuzichanganya. Omba mawasiliano ya wateja kumi wa mwisho, wakiwemo waliokosa. Ukipewa watatu tu, wote wenye furaha, omba tena. Ukiwapigia usiwaulize kama walifurahi. Uliza ni nani hasa aliyewaongoza (mwenye kampuni anayeonekana kwenye picha mara nyingi siye utakayetembea naye), walitembea au walikaa garini, bunduki zao zilijaribiwa siku ya kwanza, na bili ya mwisho ilizidi makadirio kwa sababu gani. Hakikisha leseni pia. Nchini Namibia wawindaji bingwa, yaani waongozaji wa kulipwa, husajiliwa na wizara inayohusika na wanyamapori. Montana, Idaho, Wyoming na Colorado zina mamlaka ya jimbo inayosajili kampuni za uwindaji. Uliza huko moja kwa moja, usitosheke na picha ya cheti.

Mkataba wenyewe uwe na tarehe, jina la mwongozaji, orodha ya wanyama na ada zao, kanuni ya mnyama aliyejeruhiwa, yaliyomo kwenye bei na yasiyokuwemo (usafiri kutoka uwanja wa ndege, vinywaji, kodi, bakshishi, utayarishaji wa ngozi na pembe), na nini kitatokea ukiugua au wao wakiahirisha. Soma bima yako ya safari pia. Nyingi huondoa uwindaji kwenye orodha ya shughuli zinazolipiwa, na kumtoa mtu aliyevunjika mguu porini kwa helikopta ni gharama inayoweza kupita safari nzima.

Haya, bunduki. Mwili wako umeshakujibu: risasi ya tatu ulifumba macho. Bunduki ya .300 Winchester Magnum hupiga bega kwa nguvu inayozidi ile ya .30-06 kwa karibu theluthi, na mtu anayeshtuka kabla ya mlio huvuta mtutu chini na pembeni bila kujua. Ndiyo njia ya uhakika ya kumpiga mnyama tumboni. Sheria ya Namibia hudai risasi yenye nishati isiyopungua juli 2,700 inapotoka mtutuni kwa wanyama wa kundi la tandala. Risasi ya kawaida ya .308 Winchester inapita kiwango hicho kwa raha, na .30-06 Springfield zaidi. Chukua mojawapo ya hizo mbili, ya bolti (unayoipakia kwa mkono baada ya kila risasi), kwa sababu bunduki zinazojipakia zenyewe na bastola haziruhusiwi huko kwa uwindaji. Darubini ya ukuzaji wa mara 3 hadi 9 inatosha kabisa. Unapotembea iache kwenye 3. Ukiisahau kwenye 9 na mnyama akatokea mita 50, utaona manyoya matupu bila kujua ni bega au paja.

Fedha utakayookoa kwenye bunduki itumie kwenye risasi. Dume la tandala lina kilo 200 hadi 270 na mfupa mzito wa bega. Kichwa cha risasi laini kikigonga mfupa huo hupasuka vipandevipande na kuacha jeraha pana lisilofika kwenye moyo wala mapafu. Tafuta kichwa ambacho madini ya risasi yaliyo ndani yake yameunganishwa imara na koti la shaba, au cha shaba tupu, chenye uzito wa greni 165 hadi 180 (karibu gramu 11 hadi 12). Nunua aina tatu, pakiti moja moja, piga tatu tatu kwenye karatasi mita 100, uone bunduki yako inapenda ipi. Kisha nunua 100 za aina hiyo zenye namba ileile ya toleo la kiwandani, kwani toleo likibadilika, mahali risasi inapotua panaweza kubadilika pia.

Sawazisha darubini igonge katikati kwenye mita 200. Kwa .30-06 yenye greni 180 hiyo ina maana ya kugonga karibu sentimita 6 juu ya katikati kwenye mita 100, na kushuka sentimita 25 au zaidi kidogo kwenye mita 300. Kwenye darubini nyingi mlio mmoja ("klik") wa kitufe cha kurekebishia husogeza pigo milimita 7 kwenye mita 100, kwa hiyo milio 8 ni karibu sentimita 6. Kaza skrubu za vishikizo vya darubini na uziwekee alama ya rangi. Alama ikihama, utajua zimelegea kabla ya kuilaumu mikono yako.

Mazoezi ndiyo sehemu ninayokuomba uifanye kwa moyo wote. Miezi mitatu ya kwanza rudi kwenye .22 yako, risasi 200 kwa mwezi, ukisimama, ukipiga goti na ukikaa, si mezani. Nyumbani fanya dakika kumi kila siku kwa bunduki kubwa ikiwa tupu kabisa, umeikagua mara mbili na risasi ziko chumba kingine: lenga, vuta kifyatulio polepole, utazame kama msalaba umetikisika. (Usiifanye hiyo kwa .22, maana pini yake hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu.) Kwenye uwanja wa shabaha usizidishe risasi 20 nzito kwa siku. Mwenzako akupakilie, akichanganya risasi bandia bila kukuambia. Ukivuta kwenye bandia na mtutu ukachovya chini, umejiona mwenyewe jinsi unavyoshtuka. Rudi kwenye .22 siku hiyohiyo.

Porini Namibia hutapiga kutoka mezani. Mwongozaji hufungua miti mitatu ya kuegemezea bunduki, naye atanong'ona "sasa". Nunua miti kama hiyo leo. Weka duara la sentimita 20, ambalo ni karibu eneo la moyo na mapafu ya tandala ukiacha nafasi ya kukosea kidogo. Tembea haraka mita 100, fungua miti, fyatua ndani ya sekunde 10, risasi moja tu, mtutu ukiwa baridi. Andika. Umbali unaogonga duara mara 9 kati ya 10 ndio umbali wako. Ukiwa mita 140, sema 140 bila aibu, na mwongozaji akupeleke karibu. Mwongozaji aliyedanganywa kuhusu umbali wa mgeni hupanga uviziaji vibaya, kisha usiku kucha watu hufuata damu kwa tochi.

Mnyama akiwa ubavu, fuata mguu wa mbele kutoka chini hadi theluthi moja ya kimo cha kiwiliwili, piga hapo. Moyo wa swala wakubwa uko chini na mbele kuliko wageni wanavyodhani, na kosa la kawaida ni kupiga juu na nyuma. Ukishapiga, pakia tena papo hapo jicho likiwa bado kwenye darubini, na uwe tayari kwa ya pili. Usishushe bunduki kuanza kushangilia. Mwambie mwongozaji msalaba ulikuwa wapi ulipolia mlio, hata kama unaona haya. Damu ya waridi yenye povu ni mapafu, hayuko mbali. Damu nyeusi nzito ni ini, subirini walau nusu saa na zaidi. Mabaki ya majani yenye harufu ni tumbo, na hapo wenye uzoefu husubiri saa nyingi, kwani mnyama akifukuzwa mapema hukimbia kilomita badala ya kulala kichakani. Uamuzi huo ni wa mwongozaji. Wewe mpe ukweli.

Kama unataka ngozi ya kichwa na mabega itengenezwe, sema kabla kisu hakijatoka. Koo lisikatwe, na ngozi ichanwe nyuma kabisa ya miguu ya mbele. Ikiwa fupi, hakuna fundi atakayeirefusha. Iwekwe kivulini na ipakwe chumvi laini nyingi siku hiyohiyo, baada ya masikio kugeuzwa na midomo kupasuliwa kwa ndani. Joto ndilo adui: likiingia, manyoya hunyonyoka miezi baadaye, na hakuna dawa. Kila pembe, fuvu na ngozi ifungwe kibati chenye namba, nawe uweke nakala ya orodha iliyosainiwa.

Kuhusu makaratasi, njia nyepesi ni kukodi bunduki ya kambini. Uliza kaliba, urefu wa kitako na aina ya darubini, kisha ukifika piga risasi zisizopungua 10 kabla ya kuwinda. Ukibeba yako, Namibia hutoa kibali cha muda polisini unapoingia. Marekani humtaka mgeni awe na kibali cha Fomu 6NIA kutoka ATF, idara ya serikali yao inayosimamia silaha, kabla ya kusafiri, pamoja na leseni ya uwindaji ya jimbo. Beba risiti au leseni yenye namba ya bunduki, na uilinganishe na chuma chenyewe tarakimu kwa tarakimu. Namba moja iliyokosewa imewalaza watu uwanjani. Bunduki iwe kwenye sanduku gumu lenye kufuli. Kanuni za kimataifa za ndege huruhusu kilo 5 za risasi kwa abiria, kwenye mzigo unaokabidhiwa, kwa idhini ya shirika. Hizo zinatosha na kubaki, maana risasi 60 za .30-06 hazifiki kilo 2. Angalia pia nchi unakobadilishia ndege, kwa sababu nyingine hudai kibali hata kama bunduki haitoki nje ya uwanja.

Kwa nyara, mkataba wa CITES wa mwaka 1973, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, hauwagusi tandala mkubwa wala elki. Unawagusa chui, dubu mweusi wa Marekani na hata nyani, ambaye mara nyingi huwekwa mwishoni mwa orodha kwa bei ndogo kama nyongeza. Ukimpiga bila kuuliza, fuvu lake litakudai kibali ambacho hukukipangia. Na fuvu la elki lazima lisafishwe ubongo wote kabla ya kuvuka mipaka mingi, kwa sababu ya ugonjwa sugu wa kudhoofisha unaowapata wanyama wa jamii ya kulungu huko.

Nguo si nyingi kama unavyodhani. Jozi tatu za rangi ya udongo, zisizopiga kelele ukigusana na miiba, na koti zito, kwani alfajiri ya Juni na Julai juu ya gari wazi ni baridi kali. Mavazi ya madoa ya kijeshi yaache. Baadhi ya nchi za ukanda huo huwakataza raia kuyavaa. Viatu vitembelee kilomita 80 kabla ya safari.

Mkeo anaweza kufuatana nawe, na ni jambo zuri. Kambi nyingi zina bei ya mtazamaji; iandikwe kwenye mkataba, pamoja na haki yake ya kuingia garini kila siku na si kuachwa kambini. Mnunulie darubini yake ya macho mawili, ya ukuzaji wa mara 8 na lenzi ya milimita 42, maana macho yaliyotulia huwaona tandala kabla ya yako yaliyojaa hamu. Mkivizia atakuwa nyuma yako, mstari mmoja, akisimama unaposimama, na atahitaji viziba masikio kama wewe. Kitu kimoja mkubaliane mapema na mwongozaji: mkianza kufuata mnyama aliyejeruhiwa vichakani, mkeo hubaki garini na dereva.